Aliyeondoka na Aliyebaki

Mpwapwa
14 Januari 2024

Mjomba Octavian,

Shikamoo. Konda wa basi la asubuhi ameniahidi kwamba bahasha hii ataifikisha mwenyewe mapokezi ya idara yenu. Kama imefika, basi ikukute mzima, wewe na anti Zaituni.

Huku mvua zimekuja vizuri mwaka huu. Mama yuko kwenye palizi ya karanga na anakusalimu. Bibi ndiye hajambo kidogo tu. Miguu imevimba, siku hizi haendi mbali zaidi ya mlango wa jikoni. Ananiuliza habari zako kila ninapomletea uji. Jana kasema, "Ukimwandikia mwanangu, mwulize kama watu wa nyumbani kwake hawajambo." Nami nauliza.

Nije kwenye shida yangu. Nilikutumia ujumbe wa simu ukanijibu kwamba husomi fasihi kwenye simu, nikitaka kukusumbua nikusumbue kwa karatasi. Unajua nafundisha kwa mkataba shule ya sekondari hapa huku nikisoma shahada kwa masafa. Muhula huu nina somo la fasihi ya Kimarekani, na nimetakiwa kuandika insha ndefu ya kulinganisha wahusika na dhamira katika riwaya mbili. Wewe umefundisha fasihi hiyo tangu nikiwa darasa la tatu, ndiyo maana nakuja kwako.

Riwaya ya kwanza ni ile ya nyanda za ngano. Wesley anagombana na mama yake, anaondoka shambani kwenda kufanya kazi ya reli. Mama anamwekea sahani mezani kila Krismasi. Mwishoni Wesley anarudi kwa treni, anamwona mama kupitia dirisha akimenya maharage, halafu anageuka na kupanda treni inayofuata bila kugonga mlango. Ya pili ni ya mji mdogo wa kusini, ya yule binti mweusi, Lorene, anayebaki kumuuguza bibi yake mkali mpaka bibi anakufa. Siku ya maziko Lorene anakaa kwenye kiti cha bibi na kula chakula chake chote.

Hoja yangu ni kwamba riwaya zote mbili zinauliza mtu anadaiwa nini na nyumbani kwao. Wesley ni mwoga, Lorene ana upendo. Naomba uniambie kama naweza kuijenga insha juu ya hapo.

Mpwa wako,
Dorothea


Ipagala, Dodoma
2 Februari 2024

Dorothea,

Marahaba. Tuko salama.

Huwezi kuijenga insha juu ya hapo. "Mwoga" na "upendo" ni maneno ya kusifia na kulaumu, yanafaa kwenye kikao cha ukoo. Mhakiki hagawi zawadi. Ukiandika hivyo, msahihishaji mvivu atakupa wastani na msahihishaji makini atakufelisha, na mimi nitakuwa upande wa yule makini.

Kuhusu Wesley: umekimbilia sahani ya Krismasi kwa sababu inakuliza. Rudi kwenye sura ya nne. Mama huyo huyo aliligawa shamba lote kwa mdogo wake Wesley, mbele ya wageni, akacheka. Mwandishi ametumia kurasa kumi kuonyesha kicheko kile. Sahani ametumia mistari miwili. Wesley anapotazama dirishani anamwona mama hana shida, anamenya maharage, ana nguvu mikononi. Anaondoka. Ni tendo pekee la kweli katika kitabu kizima. Soma kilichoandikwa, usisome unachotamani kiwe kimeandikwa.

Usichanganye barua za masomo na habari za miguu. Nitumie rasimu ya utangulizi.

Octavian


Mpwapwa
18 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kwa kunijibu. Mama kavuna mboga za kwanza, na Bibi bado anakula mlenda ukiwa laini, ila sasa hatoki kitandani. Mganga wa zahanati kasema ni moyo. Hakusema mengi, alimtazama Mama tu.

Samahani, lazima nichanganye. Bibi aliniona na barua yako mkononi akataka kujua umesemaje. Nikamwambia umemsalimu sana na unamwombea. Alifurahi mpaka akaomba kuketishwa. Najua hukuandika hivyo.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia hapa nyumbani. Kwamba wewe na anti Zaituni mlikuwa na mtoto wa kike. Kwamba mlimleta hapa kumwonyesha, akapata homa, akafa mikononi mwenu. "Nilikosea siku ile," Bibi akasema. "Nilikosea kwa yule binti wa Kondoa. Mwandikie waje." Nilimwuliza alikosea nini. Akageukia ukutani.

Nimeisoma upya sura ya nne kama ulivyosema, na kicheko nimekiona. Wesley nakuachia kidogo. Lakini Lorene siwezi kumwachia. Mjomba, yule binti anatukanwa kila siku, anaambiwa ni mzigo, anaambiwa mama yake alikuwa malaya, na kila siku anachemsha maji ya kumwogesha anayemtukana. Kama huo si upendo, utaitwaje? Nimeambatanisha utangulizi, kurasa tatu.

Njooni, tafadhali. Hata kwa siku moja.

Dorothea


Ipagala, Dodoma
10 Machi 2024

Dorothea,

Marahaba. Hatujambo.

Unauliza Lorene aitwaje. Nitakujibu, kwa kuwa hujifunzi kwa upole. Umeona mara ngapi Lorene anatembea ndani ya ile nyumba akihesabu mbao za sakafu? Umeona anavyogusa kitasa cha mlango wa mbele, anavyojua dirisha lipi linavuja? Mtu anayeikagua nyumba namna hiyo hakubaki kwa ajili ya mgonjwa. Amebaki ili aone mwisho. Maji anayochemsha ni kodi anayolipa akingoja. Ndiyo maana siku ya maziko anakula akashiba, wakati wengine wote wanashindwa hata kumeza chai.

Jiulize na wewe. Mama yako hana kiwanja. Nyumba ya Bibi ni ya matofali ya kuchoma na bati niliyoiezeka mimi. Mkataba wako shuleni ukiisha huna pa kwenda. Unapompelekea uji, Dorothea, huwa unatazama kitanda, au unatazama dari? Usinijibu mimi. Jibu ndani ya insha, na itakuwa bora kuliko kurasa hizi tatu, ambazo nimezirudisha.

Sasa hilo lingine, mara moja tu. Umeambiwa "nilikosea". Neno rahisi. Mtoto wetu alikufa alfajiri. Nilimwomba mama yangu tumzike uani, karibu na baba. Akasema mtoto wa Kiislamu ambaye hakubatizwa hatalala na watu wake. Zaituni alikuwa amesimama nje ya geti, kwa sababu tangu tufike hakuwahi kuruhusiwa kuingia ndani. Alisikia. Tulimpeleka mtoto Kondoa kwa basi. Zaituni alimpakata kama aliyelala, kamfunika uso kwa kanga, kwa sababu konda angejua asingetupakia. Abiria mmoja alimsifu kwamba mtoto wake ni mtulivu, hasumbui safarini.

Mama yangu na ageukie ukutani. Mwambie anavyoumwa sasa ndivyo ilivyopaswa, na kwamba akifa nitaendelea na vipindi vyangu kama kawaida. Mke wangu hana neno la kusema juu ya jambo hili. Mimi nimelisema kwa niaba yetu wote wawili.

Andika upya utangulizi.

Octavian


Mpwapwa
24 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima.

Barua yako ilifika Bibi akiwa macho. Akauliza umesemaje. Safari hii sikumtungia. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamsomea yote, kuanzia marahaba hadi jina lako, pamoja na habari za dari na bati. Ulinifundisha kusoma kilichoandikwa. Mama alikuja mbio kutoka jikoni kunizuia, Bibi akamwambia, "Hilda, mwache amalize."

Nilipofika kwenye basi akaniomba nirudie. Nikarudia. Hakulia. Akauliza, "Na mkewe kasemaje?"

Nikamwambia mjomba amesema kwa niaba yao wote.

"Sikumwita yeye," Bibi akasema. "Yeye ni mwanangu. Asipokuja ni mwanangu, akinichukia ni mwanangu. Nilimwita yule binti. Mimi ndiye niliyemsimamisha getini, ndiye ninayetaka kumwambia. Octavian anajibu barua isiyo yake."

Kwa hiyo naandika waziwazi ili usiniambie tena kwamba nimechanganya. Bibi anamwita anti Zaituni. Wewe unaweza kubaki huko na vipindi vyako. Mwambie tu mkeo kwamba ameitwa, aamue mwenyewe. Mganga anasema tusingoje sana.

Kuhusu Lorene, nimelijibu swali lako. Nilitazama dari. Ni kweli nimekwisha kuitazama, na najua pale inapovuja. Hilo limo kwenye utangulizi mpya, bila jina langu. Umeniumiza, lakini insha imenyooka.

Dorothea


Ipagala, Dodoma
8 Aprili 2024

Dorothea,

Marahaba.

Utangulizi umefaa. Hoja kwamba anayeondoka na anayebaki wote wanailipiza nyumba kisasi, mmoja kwa kutokuwepo na mwingine kwa kuwepo, ni hoja ya mhakiki. Sikutarajia kuipata kwako. Sehemu ya pili ina mianya: hujalinganisha ardhi. Kwa Wesley ardhi ni kavu na pana, haimhitaji mtu. Kwa Lorene ni kiwanja kimoja kilichopatikana kwa shida na watu waliowahi kuwa mali ya wengine. Huwezi kuwahukumu kwa kipimo kimoja. Rekebisha pia tanbihi, umezichanganya.

Zaituni yuko Kondoa kwa kaka yake, Abubakari, kwa ajili ya Idi. Yuko na watu wake, ametulia. Sioni sababu ya kumvuruga.

Usiandike tena mpaka insha itakapokamilika.

Octavian


Mpwapwa
5 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimetii, sikuandika mpaka nilipomaliza. Huku mvua zimekatika na watu wameanza kuvuna uwele. Mama amechoka kidogo lakini yuko imara. Nyumbani kumetulia sana.

Insha hii hapa, yote, na tanbihi zimenyooshwa. Sura ya ardhi nimeiandika upya kama ulivyotaka. Nimeongeza pia jambo ambalo hukulitaja. Katika riwaya zote mbili kuna mwanamke ambaye hakuna anayemwuliza kitu. Kwa Wesley ni mke wake kule reli, anayetajwa mara mbili tu, na siku ya safari ya kurudi ameachwa stesheni akishika mizigo. Kwa Lorene ni mpishi wa jirani, aliyemjua bibi kuliko mtu yeyote, naye siku ya maziko anasimama nje ya uzio. Wahakiki wote niliowasoma wanawapita hawa wawili. Nimesema kwamba ukimwuliza mke wa Wesley alitaka nini, riwaya nzima inaanguka.

Nitaikabidhi mwisho wa mwezi huu. Naomba maoni yako kabla.

Dorothea


Ipagala, Dodoma
26 Mei 2024

Mpwa wangu Dorothea,

Marahaba, na salamu nyingi kwenu wote. Nimekaa na insha yako juma zima. Nimesahihisha kazi za wanafunzi kwa miaka mingi na mara chache nimesoma kitu nikatamani ningekiandika mimi. Ile sehemu ya mke wa Wesley nimeisoma mara tatu. Kitabu hiki nimekifundisha tangu ukiwa mtoto, na sikuwahi kumwona yule mwanamke pale stesheni. Nilikuwa naingia naye kwenye treni kila mwaka kama begi.

Ikabidhi kama ilivyo. Usibadilishe neno. Kuna nafasi ya mhadhiri msaidizi inakuja hapa kwetu, na nitalitaja jina lako kwa furaha.

Umenifanya nifikiri pia juu ya jambo lile. Ulikuwa sahihi kwamba mwaliko haukuwa wangu. Zaituni bado yuko Kondoa tangu Idi. Nikimpigia ananiambia habari za biashara ya kaka yake na hali ya hewa, sauti yake ni ya kawaida. Akirudi nitamweleza. Chuo kikifungwa mwezi wa saba nitamleta mwenyewe Mpwapwa. Sitaingia ndani, nitangoja getini, yeye ataingia. Mwambie Bibi yako avumilie kidogo. Mwambie pia kwamba yale ya mwezi wa tatu niliyaandika nikiwa na hasira, na sikuwa na haja ya kuyaandika.

Mpe mkono wangu.

Mjomba wako,
Octavian


Mpwapwa
9 Juni 2024

Mjomba Octavian,

Shikamoo. Baridi imeanza na upepo unapiga bati mchana kutwa. Mama hajambo. Insha nimeikabidhi.

Mkono wako sina wa kumpa. Bibi alifariki tarehe kumi na saba Aprili, mchana, Mama akimgeuza. Tulimzika uani karibu na babu. Nilipokutumia insha, kaburi lilikuwa limeshapandwa maua.

Utauliza kwa nini hakuja mtu kukuarifu. Walitaka kuja. Mtoto wa mjomba Mazengo, Denis, alikuwa ameshavaa viatu aende kupanda basi. Wazee walikuwa tayari kukungoja, hata kwa siku mbili. Nikawaambia msijisumbue, nimeshamjulisha, amekataa. Wakaniuliza amesemaje. Nikasema, amesema ataendelea na vipindi vyake kama kawaida. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Mzee mmoja alisema tu, "Basi tuchimbe." Mama ndiye anayejua ukweli, na tangu siku hiyo anaongea na mimi pale tu inapobidi.

Jioni ya siku aliyofariki, Mama alitoa namba ya Abubakari, aliyoitunza tangu harusi yenu. Nikapiga. Anti Zaituni alifika kesho yake kabla ya maziko, na begi dogo. Alisimama nje ya geti. Nilitoka kumpokea, akaniuliza, "Niingie?" Nikamwambia aliitwa tangu mwezi wa pili.

Hakuelewa. Akasema, "Niliitwa na nani?"

Nikamwingiza ndani, nikamketisha kitandani kwa Bibi, nikampa barua zako zote azisome mwenyewe. Alizisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Ile ya mwezi wa tatu aliikunja akairudisha, halafu akaichukua tena. "Hana neno la kusema," akasoma kwa sauti. Nikamwambia Bibi alivyouliza, na mkewe kasemaje.

Kisha akaniambia, "Mimi nilimsamehe mama yule siku nyingi. Si kwa wema. Nilichoka kumbeba. Kila mwaka nilimwambia mume wangu, twende Mpwapwa, nikazungumze naye tu. Alinijibu kwamba mama yake amesema nikikanyaga kwake atanifukuza kwa maji ya moto. Kila mwaka maneno hayo hayo. Nikaamini."

Mama alikuwa mlangoni. Akasema Bibi hakuwahi kutamka hivyo, na hakuna aliyewahi kuja kumwuliza.

Anti Zaituni alifunga kanga kiunoni, akaenda kukaa na wanawake wa jikoni, akachambua mchele mpaka mazishi. Kaburini alitupa udongo kama mkwe anavyotupa, na wazee walimpisha. Alikaa nasi siku tatu. Asubuhi ya kuondoka alimwomba Mama amwonyeshe mahali ambapo ulitaka mtoto azikwe. Mama akamwonyesha. Kuna banda la kuku hapo sasa. Alitazama, akasema, "Kondoa ni pazuri zaidi," akachukua begi lake.

Amekuwa akipokea simu zako na kukueleza hali ya hewa kwa sababu mimi nilimwomba anisubiri nimalize insha. Nilihitaji maoni yako. Sasa nimeyapata, hana tena sababu ya kusubiri. Harudi Ipagala. Atabaki kwa kaka yake, na Abubakari ameshazungumza na shehe kuhusu taratibu za talaka. Amesema usimfuate, na usimtume mtu.

Nafasi ya mhadhiri msaidizi sitaiomba kupitia kwako.

Kabla basi halijaondoka nilimwuliza nikuandikie vipi jambo hili, kwamba labda nilianze polepole. Alikuwa ameshakaa dirishani. Akasema, "Mwandikie tu nimeshuka. Yeye aendelee na safari."

Dorothea